Dau la Mnyonge na Fungu la Serikali

Neno dau lina maana mbili katika Kiswahili. La kwanza ni chombo cha baharini, nacho ndicho walichokikusudia wahenga waliponena kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. La pili ni kile anachokiweka mcheza kamari mbele ya mwenzake kabla ya karata kufunuliwa. Ziwe maana hizo zina nasaba moja au hazina, methali yazifaa zote mbili. Mwenye chombo kibovu hashindani na upepo, na mwenye fedha kidogo hashindani na nyumba ya kamari, kwa kuwa mchezo wa nyumba hiyo umepigiwa hesabu ili, raundi zikiwa nyingi, mwenye nyumba ndiye abaki na ziada. Hayo yanajulikana tangu kale. Jambo geni la zama hizi ni kwamba katika chombo hicho ameingia abiria wa tatu, naye ni serikali, aliyekuja na sheria mkononi na mfuko begani.

Swali linalostahili kuulizwa hapa si kama kamari ni njema au mbaya. Hilo kila mtu ana dini yake, malezi yake na akili yake ya kumjibu. Swali ni jingine, na yumkini ni gumu zaidi. Je, yaswihi kwa serikali kuihalalisha kamari ya mtandaoni, kuisimamia na kuitoza kodi, yote kwa wakati mmoja? Vitendo hivi vitatu hutajwa kwa pumzi moja katika miswada ya nchi nyingi, kana kwamba ni nyuzi tatu za kamba moja. Lakini kila kimoja kina hukumu yake. Mtu anaweza kuikubali ruhusa, akaukubali usimamizi, na bado akawa na haki ya kukitilia shaka kitendo cha tatu, kwa sababu hicho cha tatu kina tabia ya kukila cha pili.

Mfano ulio wazi ni wa jimbo la New Jersey, Marekani, kwani huko safari nzima imeandikwa katika sheria, hatua kwa hatua. Mwaka 1976 wapiga kura wa jimbo hilo walikubali katiba yao ibadilishwe ili kasino ziruhusiwe katika mji mmoja tu, Atlantic City, mji wa pwani uliokuwa umechakaa baada ya watalii kuuhama. Kasino ya kwanza ilifunguliwa 1978. Ahadi waliyopewa wananchi ilikuwa ya huruma: kodi ingewekwa katika mfuko maalumu wa kuwasaidia wazee na watu wenye ulemavu. Kwa zaidi ya miaka kumi mji huo haukuwa na mshindani wa maana katika upande wa mashariki wa nchi. Kisha majirani nao wakafungua milango yao, Pennsylvania ikiwamo tangu 2006, na mapato ya Atlantic City yakaanza kushuka.

Ndipo intaneti ikatazamwa kama dawa. Gavana Chris Christie aliukataa mswada wa kwanza mwaka 2011. Desemba mwaka huohuo Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa tafsiri mpya ya sheria ya 1961 iliyokataza kupokea dau kwa njia ya waya, ikasema kwamba katazo hilo linahusu kamari ya mashindano ya michezo peke yake. Majimbo yakaona njia. Februari 2013 Christie alitia saini sheria iliyoruhusu kamari ya intaneti ndani ya mipaka ya New Jersey. Mchezaji sharti awe na umri wa miaka 21 au zaidi. Sharti awe ndani ya jimbo wakati anapocheza. Na kila kampuni sharti ifungamane na kasino ya Atlantic City. Kodi iliwekwa asilimia 15 ya mapato, ilhali kasino za kawaida zilikuwa zikilipa asilimia 8. Sheria ilipewa umri wa miaka 10, kama mtoto aliye majaribuni. Michezo ilianza Novemba 2013, mwaka uleule ambao Nevada na Delaware nazo zilifungua milango yao.

Itakuwa dhuluma kuwahukumu watunga sheria hao bila ya kusikiliza hoja zao, nazo si hoja dhaifu. Ya kwanza ni ya uhuru: mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuitumia fedha yake hata kwa upumbavu, maadamu ni yake na hakumwibia mtu. Ya pili ni ya uzoefu: katazo halikuizuia kamari, liliihamisha tu. Antigua na Barbuda, nchi ndogo ya visiwa katika Karibi, ilikuwa imejijengea biashara ya kuwachezesha Wamarekani kwa intaneti, na Marekani ilipojaribu kuwazuia raia wake, visiwa hivyo viliishitaki dola hiyo kubwa mbele ya Shirika la Biashara Duniani mwaka 2003, na katika sehemu muhimu ya shauri hilo vikashinda. Kama kisiwa kidogo kiliweza kuingia katika nyumba za Wamarekani bila ya kubisha hodi, basi kufuli ya sheria haikuwa na maana.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kamari ya gizani haina daftari. Hakuna anayemuuliza mchezaji umri wake, hakuna anayemhakikishia kwamba akishinda atalipwa, na akizama hakuna anayejua kwamba amezama. Kamari iliyohalalishwa huacha nyayo. Mchezaji wa New Jersey anaweza kujiandikisha mwenyewe afungiwe asicheze tena. Anaweza kujiwekea mpaka wa fedha na mpaka wa muda. Na tangazo la kampuni halina budi kuonyesha namba ya simu ya kuombea msaada. Mambo haya yana maana. Mwenye kuyabeza hajamwona mtu anayezama akitafuta gogo la kushika.

Basi ruhusa ina utetezi wake, na usimamizi una utetezi wake. Imebaki kodi.

Wengi hudhani kwamba kodi ya kamari ni sawa na ushuru wa sigara: serikali hukiona kitu chenye madhara, ikakipandisha bei ili watu wapungue. Lakini viwili hivyo havifanani. Ushuru wa sigara humfikia mvutaji dukani. Anauona katika bei, unamuuma, na maumivu yale humshawishi avute kidogo. Kodi ya New Jersey haimfikii mchezaji kabisa. Hutozwa kwenye mapato ya kampuni, yaani kile kinachobaki baada ya washindi kulipwa. Na kinachobaki baada ya washindi kulipwa ni nini, isipokuwa jumla ya walichopoteza walioshindwa? Ukiondoa mapambo yote, kodi hiyo ni fungu la hasara za watu. Hasara ikipungua, fungu hupungua. Hasara ikiongezeka, fungu hunona. Mchezaji hahisi chochote, kwa hiyo hana sababu ya kupunguza. Nayo kampuni, kwa kuwa imekatwa, ina kila sababu ya kutafuta wachezaji zaidi ili ifidie kilichokatwa.

Hapo ndipo kitendo cha tatu kinapoanza kukila cha pili. Msimamizi mwema wa kamari ni yule anayetaka watu wapoteze kidogo. Mtoza kodi mwema ni yule anayetaka hazina ijae. Watu wawili hawa wakikaa katika mwili mmoja, ni nani atakayesikilizwa bajeti inapokaribia? Mlinzi wa zizi hawezi kulipwa kwa idadi ya kondoo walioliwa na fisi, kisha akatarajiwa kukesha.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, aliyeandika kitabu chake juu ya uhuru mwaka 1859, alilikaribia jambo hili bila ya kulimaliza. Alikubali kwamba mtu aachwe acheze kamari, lakini akajiuliza kama uhuru huohuo umfae pia mwenye kufungua nyumba ya kamari, yule ambaye riziki yake yatokana na kuwashawishi wengine. Mill aliona kwamba jambo hili limekaa mpakani, na kwamba pande zote mbili zina hoja. Hakuuliza swali linalofuata, kwa sababu katika zama zake halikuwa limekomaa: itakuwaje iwapo mwenye riziki hiyo ni serikali yenyewe? Mwenye nyumba ya kamari huweza kushitakiwa na kunyang'anywa leseni. Mbia wake asiyeonekana, anayeandika sheria na kuhesabu fungu lake kila mwezi, atashitakiwa na nani?

Kwamba fungu hilo hugeuka kuwa tegemeo, New Jersey yenyewe ni shahidi. Kwa mwaka wa kwanza serikali ya jimbo ilikuwa imekwisha kuandika katika bajeti zaidi ya dola milioni 150 za kodi ya intaneti, kabla mchezo mmoja haujachezwa. Zilizopatikana hazikukaribia hapo. Mwaka 2014 kasino nne za Atlantic City zilifungwa, na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Dawa haikumwahi mgonjwa. Lakini miaka ilipopita biashara ya intaneti ilikua, na mwaka 2024 hasara za wachezaji wa kasino za mtandaoni katika jimbo hilo zilivuka dola bilioni 2. Majaribio ya miaka 10 yalipokwisha mwaka 2023, sheria iliongezwa miaka mitano. Mwaka 2025, jimbo likiwa na haja ya fedha, kodi ilipandishwa hadi asilimia 19.75. Mtoto aliyekuwa majaribuni amekuwa mtu mzima anayelisha nyumba, na ni vigumu kumfukuza anayekulisha.

Atasema mtu: fedha hizo si zinawasaidia wazee na wasiojiweza? Ndiyo, na hapo pana fumbo zito kuliko yote. Kurani ilipotaja ulevi na kamari haikukana kuwa mna manufaa kwa watu; iliyakiri, kisha ikayaweka kwenye mizani pamoja na madhara, na madhara yakazidi. Mizani ndilo jambo lenyewe. Watunga sheria wa leo huonyesha sahani moja tu: dawa za bibi kizee, nauli ya kiwete, mshahara wa mwalimu. Sahani ya pili imo gizani kwenye chumba cha mtu aliyeshika simu saa tisa za usiku, akitafuta kurudisha alichopoteza saa nane. Inajulikana popote kamari ilipochunguzwa kwamba sehemu kubwa ya mapato haitoki kwa wengi wanaocheza kidogo kwa kujifurahisha, bali kwa wachache wanaocheza bila ya kiasi. Kwa hiyo mfuko wa wanyonge hujazwa na wanyonge wengine. Mzee hakuomba dawa yake itoke huko, wala hakuambiwa.

Zamani angalau palikuwa na safari. Aliyetaka kucheza sharti apande gari hadi Atlantic City, aonekane na watu, achoke, arudi. Safari ile ilikuwa ukuta, ingawa hakuna aliyeujenga kwa makusudi. Simu haina njia ya kwenda wala ya kurudi. Sheria ya 2013 ilipouvunja ukuta ule, serikali ilipata fungu lake katika kila tofali lililoanguka.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki asidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Katika Kenya, ambako fedha za simu zimefanya dau liwekwe kwa dakika moja, kodi ya kamari imepanda na kushuka kama bamvua na maji mafu. Sheria ya fedha ya 2017 iliweka asilimia 35 ya mapato ya kampuni. Januari 2018 kampuni ya SportPesa ikatangaza kuondoa udhamini wake kwa michezo ya nchini, klabu kubwa za soka zikataharuki, na mwaka huohuo kodi ikashushwa hadi asilimia 15. Mwaka 2019 ukaja ushuru wa asilimia 20 juu ya dau lenyewe, ule unaomuuma mchezaji waziwazi. Mwaka 2020 ukafutwa. Mwaka 2021 ukarudi kwa asilimia 7.5, mwaka 2023 ukawa 12.5, na mwaka 2025 ukashushwa hadi asilimia 5 ya fedha anayoiweka mchezaji katika akaunti yake. Agosti mwaka huohuo ikapatikana sheria mpya ya kudhibiti kamari, badala ya ile ya 1966. Mwenye kufuatilia kupanda na kushuka huko atajiuliza: ni lini hasa kilichopimwa kilikuwa afya ya mchezaji, na ni lini kilikuwa haja ya hazina na subira ya kampuni?

Tanzania nako kuna funzo, la lugha. Watu husema kamari. Sheria ya 2003 husema michezo ya kubahatisha, na bodi inayoisimamia ina jina hilohilo. Waingereza nao wana maneno mawili ya namna hiyo, moja la mchezo na moja la kamari. Tafsiri hizi si za bahati mbaya. Neno kamari limebeba hukumu ya vizazi. Mchezo hauna hukumu, hata mtoto hucheza. Vijana wa mitaani, wasioandika sheria, wamelipa jambo hili jina la kweli zaidi: orodha ya mechi walizozichagua huiita mkeka, na mechi moja ikiwaendea kinyume husema mkeka umechanika. Mkeka ni kitu cha nyumbani. Hukaliwa, hulaliwa, huswaliwa. Katika msamiati wa vijana hao mna ukweli ambao haumo katika gazeti la serikali, kwamba kinachochanika ni cha ndani ya nyumba.

Pamoja na hayo, mwenye hoja ya kupinga bado hajamaliza. Atasema: ukiiondoa kodi, kampuni itabaki na hasara zote za watu peke yake. Je, hiyo ndiyo haki? La hasha. Kosa halimo katika kutoza, limo katika kutegemea. Pana tofauti kati ya mtu anayemtoza mchafuzi wa kisima gharama za kukisafisha, na mtu anayewauzia majirani maji kwa fedha za mchafuzi hata akaogopa kisima kisije kikawa safi. Wa kwanza anaweza kutamani kwa dhati uchafu ukome. Wa pili hawezi.

Kipimo basi ni hiki, na kila serikali inaweza kupimwa nacho. Ikadiriwe kwamba kesho asubuhi raia wote wameamka wameichoka kamari. Hakuna aliyeweka dau, simu zimetulia, kampuni zimefunga madaftari. Je, waziri wa fedha atafurahi au atashika tama? Akifurahi, serikali yake ilikuwa mlinzi. Akishika tama, ilikuwa mbia.

Kukipita kipimo hicho si muhali. Ada ya leseni na kodi vyaweza kufungwa katika kazi mbili tu, kusimamia na kutibu, ili kamari ikipungua, haja ya fedha nayo ipungue. Kodi yaweza kutozwa pale mchezaji anapoiona, kabla hajaweka dau, badala ya kufichwa katika hesabu za kampuni. Msimamizi aweza kuwekwa mbali na hazina, asiulizwe amekusanya kiasi gani bali amewaokoa wangapi. Na wazee, wagonjwa na shule waweza kulishwa kwa kodi ya watu wote.

Hili la mwisho ndilo lenye gharama, na gharama yake haimwendei mcheza kamari. Humwendea yule asiyecheza. Raia mwema asiyegusa karata, aendaye msikitini au kanisani, afundishaye wanawe kwamba kamari ni aibu, huyo ndiye anayepunguziwa kodi yake kila mara fungu la serikali linaponona. Barabara anayoipita, zahanati anayotibiwa, sehemu yake imelipwa na mtu asiyemjua, aliyekesha na simu. Amekaa nje ya nyumba ya kamari, mikono yake ni safi, naye amekula kilichotoka ndani. Serikali haikumficha, ilimrahisishia tu asiulize.

Kwa hiyo sheria ya kamari, kabla ya kuwa swali juu ya waziri au kampuni, ni swali juu ya majirani. Mzee wa mtaa ni wa mtaa mzima. Ikiwa mtaa hautaki kumlisha kwa jasho lake, na badala yake unamwachia alishwe na mnyonge mwenziwe aliyepoteza dau, basi na ukiri hivyo waziwazi barazani, usijifiche nyuma ya asilimia. Na ikiwa unaona haya kukiri, haya hiyo ni dalili njema, nayo ndiyo iwe mwanzo wa mswada.